Kuandaa makala ya jarida la taaluma za Afrika Mashariki: kutoka rasimu hadi prufu

Mhariri akifungua makala mpya hutazama mambo matatu kabla hata ya kuipima hoja. Je, mada inaingia katika eneo la jarida? Idadi ya maneno imezingatiwa? Ushahidi umeonyeshwa kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kuufuatilia? La tatu ndilo linaloangusha makala nyingi nzuri. Ushahidi wetu ni faili lililo kwenye rafu Dar es Salaam, ubeti ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, au maneno ya mzee aliyehojiwa kisiwani Pate. Msomaji aliye Nairobi au Leipzig hana njia ya kuufikia ila kupitia ulivyouandika wewe. Kwa hiyo mpangilio wa makala si urembo. Ni sehemu ya hoja yenyewe, na mwongozo huu unakaa zaidi pale ushahidi unapopotea.

Jarida kwanza, faili baadaye

Usiandike ukamaliza ndipo utafute pa kupeleka. Majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Kiswahili na Mulika yana wasomaji wa lugha na fasihi wanaoijua lugha, kwa hiyo huna haja ya kuwaeleza ngeli ni nini. Swahili Forum husomwa bure mtandaoni na watu wa nchi nyingi. Journal of Eastern African Studies, lililoanza 2007, linataka mwanasiasa, mwanahistoria na mwanajiografia waielewe makala moja. Journal of African History, la tangu 1960, litakuuliza nyaraka zako zinasema nini na umezisoma dhidi ya nini. Data ile ile huzaa makala tofauti kwa kila mmoja wa wasomaji hawa.

Ukishachagua, pakua mwongozo wa waandishi pamoja na makala tatu za karibuni za jarida hilo, ikiwezekana zinazofanana na yako. Mwongozo na makala zikipingana, fuata mwongozo na umwulize mhariri kwa barua fupi. Kisha jiandikie ukurasa mmoja wa maamuzi: mtindo wa marejeo, alama za kunukuu za moja moja au mbili mbili, tahajia ya Uingereza au ya Marekani kama unaandika kwa Kiingereza, namna ya kuandika tarehe, viwango vya vichwa vidogo. Ubandike mbele yako. Waandishi wenza wawili wakifanya kazi bila ukurasa huo, kila mmoja ataandika kwa mtindo wake, na kuisawazisha makala mwishoni kutakula siku nzima.

Majarida mengi ya fani hii huweka ukomo wa maneno kati ya 7,000 na 10,000. Uliza kama tanbihi na marejeo vinahesabiwa. Ukomo ukiwa 9,000 na tanbihi na marejeo yako yamefika 1,500, maelezo yenyewe yana nafasi ya maneno 7,500 tu. Ni afadhali kulijua hilo kabla ya kuandika sehemu ya tano.

Faili la msingi

Hapa tupite haraka. Karatasi A4, pambizo sentimita 2.5, fonti ya pointi 12, nafasi maradufu kati ya mistari, namba za kurasa. Washa namba za mistari kama jarida halikatazi, maana wapitiaji, yaani wasomi wanaoipima makala kwa niaba ya mhariri, huzitumia kuelekeza maoni yao. Vichwa vidogo vitengenezwe kwa mitindo ya programu yenyewe, si kwa kukoleza maneno kwa mkono. Aya isogezwe ndani kwa mpangilio wa aya, si kwa kugonga nafasi mara tano. Kila nafasi uliyoigonga kwa mkono itang'olewa na mtu mwingine baadaye, na akiwa na haraka ataondoa na usichotaka kiondoke.

Ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzoni, iwe na maneno 150 hadi 250: swali, data na ilikotoka, njia, ulichokipata, na kinabadilisha nini katika tunachokijua. Usiweke marejeo ndani yake. Ikitakiwa kwa lugha mbili, iandike upya katika lugha ya pili. Ikisiri iliyofasiriwa neno kwa neno hujulikana mara moja. Maneno ya msingi, matano au sita, yataje mahali, lugha na kipindi, kwa sababu ndivyo watu wanavyotafuta.

Herufi zinazoharibika kimyakimya

Tazama neno ng'ombe. Word huigeuza ritifaa, ile alama iliyo kati ya ng na o, kutoka iliyonyooka kuwa iliyopinda, na hilo peke yake si kosa. Tatizo huja pale nusu ya makala ilipoandikwa kwenye simu au kunakiliwa kutoka barua pepe, ambako ritifaa imebaki imenyooka. Machoni pako ni neno moja, lakini programu ya kupanga kurasa huona herufi mbili tofauti. Mbaya zaidi, jarida likitumia alama moja moja za kunukuu, ritifaa iliyopinda ndiyo hiyo hiyo alama ya kufunga nukuu. Mhariri akizibadilisha zote kwa mkupuo kuwa mbili mbili, ng’ombe anatoka ng”ombe, na ng’ambo, ng’oa na kung’aa yanafuata mkumbo huo. Chagua umbo moja, ambalo kwa kawaida ni lile lililopinda, lenye namba U+2019 katika Yunikodi, mfumo wa kompyuta unaoipa kila herufi namba yake. Lifanye kuwa moja makala nzima, kisha uandike katika barua kwa mhariri kwamba ritifaa ya ng’ ni sehemu ya herufi.

Kosa la pili linawapata wanaisimu zaidi. Ukiandika (a), (b), (c), Word huigeuza ya tatu kuwa alama ya hakimiliki, ©. Huigeuza pia i iliyosimama peke yake kuwa I kubwa, na katika uchanganuzi wa mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye maana, hilo ni kosa la data. Fungua orodha ya masahihisho ya kiotomatiki na uyaondoe yote mawili kabla hujaanza. Kisha chagua maandishi yote na uweke lugha ya ukaguzi kuwa Kiswahili, la sivyo programu inaendelea kuyasahihisha maneno yako kana kwamba ni Kiingereza kibovu.

Kwa lugha zenye alama juu ya herufi, kama Gĩkũyũ, tumia ĩ na ũ za Yunikodi zilizo herufi moja kamili, si i na u zilizobandikwa kiwimbi kando. Fonti za zamani zilizotengenezwa kwa lugha moja ziache; zikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine hutoa vimraba. Charis SIL na Doulos SIL ni za bure na zina alama za kifonetiki na za toni. Tuma na PDF yenye fonti ndani yake, ili mpangaji kurasa aone ulichokusudia.

Mifano ya lugha

Majarida mengi ya isimu hufuata Kanuni za Leipzig, zinazoeleza namna ya kuweka maana ya kila mofimu chini yake. Kiini chake ni kwamba idadi ya vistari katika mstari wa kwanza lazima ilingane na ya mstari wa pili, neno kwa neno.

(1) Wa-toto wa-na-m-som-e-a bibi barua.
NG2-toto KIM2-WKT-YMB1-soma-TDEA-II bibi barua

Kitenzi kimekatwa vipande sita, na chini yake viko sita: kiima cha ngeli ya 2, wakati, yambwa, mzizi, kauli ya kutendea na irabu ishilizi. Hesabu hivyo kila mfano, hata ikiwa ni 60. Ukikosa kistari kimoja, mpitiaji ataanza kutilia shaka na mingine. Vifupisho vyote viorodheshwe katika tanbihi ya kwanza. Makala ikiwa ya Kiingereza, mzizi na nomino zitafasiriwa kwenye mstari wa pili na maana ya sentensi nzima itakuja kwenye mstari wa tatu. Makala ikiwa ya Kiswahili lakini mfano ni wa Kipemba au Chimiini cha Barawa, mstari wa tatu kwa Kiswahili sanifu ni wa lazima.

Mpangilio uwe wa jedwali lisilo na mistari, kila neno katika kisanduku chake. Ukipanga kwa nafasi, fonti ikibadilika tu maneno yanaachana na maana zake. Kwa kuwa kompyuta hupenda kukata mstari kwenye kistari, tumia kistari kisichokatika: Ctrl, Shift na kistari kwa pamoja.

Lahaja ibaki kama ilivyosemwa. Mtu wa Mombasa akisema “ndoo hapa” akimaanisha “njoo hapa”, usimsanifishie, maana ndo hiyo data yako. Vivyo hivyo kwa Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu. Andika tanbihi moja mapema kwamba nukuu zimeachwa kama zilivyo, kwa sababu mhariri wa lugha aliye makini atazinyoosha kwa nia njema.

Hati ya Kiarabu na mashairi

Hati ya Kiarabu iliyotumiwa kuandika Kiswahili haionyeshi kila sauti. Katika miswada mingi ya zamani e na i huandikwa kwa alama moja, o na u vilevile, na n au m iliyo mbele ya d au b mara nyingi haiandikwi kabisa. Kwa hiyo kuna kazi mbili ambazo waandishi huzichanganya: kuonyesha kilichoandikwa herufi kwa herufi, na kuonyesha unavyokisoma. Mahali ambapo hoja yako inategemea neno, toa vyote viwili. Ukitoa usomaji peke yake, mwenye usomaji tofauti hana pa kukupinga, na hiyo si nguvu ya makala bali ni udhaifu wake.

Kwa maneno ya Kiarabu chagua mfumo mmoja wa kuhamisha herufi na uutaje. Ayn iandikwe ʿ na hamza ʾ kwa herufi zake halisi, si kwa ritifaa.

Utenzi wa kawaida una vipande vinne kwa ubeti, kila kimoja mizani minane. Rejelea kwa namba ya ubeti na herufi ya kipande: 12c. Namba ya ukurasa wa chapa fulani haimsaidii mwenye chapa nyingine. Mswada wenyewe utajwe kwa maktaba, mkusanyiko, namba na jani, upande wa mbele au wa nyuma.

Tarehe za Hijria zina mtego. Mwaka 1141 ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729. Kama mwandishi wa hati hakutaja mwezi, andika 1141 Hijria (1728/29), usichague mwaka mmoja kwa kubahatisha.

Nyaraka

Kifupi TNA kimewachanganya wengi, kwani ni Nyaraka za Taifa za Tanzania na pia ni hifadhi ya Uingereza iliyoko Kew. Mwanahistoria wa Tanganyika hutumia zote mbili, mara nyingi katika aya moja: faili la ofisi ya wilaya kutoka Dar es Salaam, na barua ya mkusanyiko wa CO 691, wa Ofisi ya Makoloni ya Uingereza, kutoka Kew. Weka TNA kwa moja na TNA-UK kwa nyingine, na ueleze katika tanbihi ya kwanza. Ukiongeza kumbukumbu za serikali ya Kijerumani, R 1001 zilizoko Berlin hazifanani na mafaili ya herufi G yaliyobaki Dar es Salaam, hata kama yanazungumzia jambo moja.

Tanbihi kamili ya waraka ina aliyeandika, aliyeandikiwa, tarehe, jina la hifadhi, mkusanyiko, namba ya faili, na jani kama limepewa namba. Waandishi wengi huishia kwenye namba ya faili. Faili la sekretarieti laweza kuwa na kurasa mia tatu, na msomaji hatalipekua lote. Dawa yake huanza kwenye chumba cha kusomea: piga picha jalada la faili kabla ya karatasi za ndani, kila mara, hata ukifungua faili lile lile siku ya pili. Picha isiyo na jalada lake baada ya miezi sita ni karatasi isiyo na kwao.

Mahojiano na vibali

Kila mahojiano yatajwe kwa jina au jina la kificho, mahali, tarehe, lugha iliyotumika, na aliyefasiri. Kama aliyenukuu kanda ni msaidizi wako, mtaje kwa kazi hiyo. Nukuu iliyofasiriwa iende na maneno asilia. Tunapendelea asilia ianze na tafsiri ifuate, lakini nafasi ikibana, asilia iende kwenye tanbihi badala ya kutupwa. Na saa za Kiswahili zifasiriwe kweli: “saa mbili asubuhi” katika makala ya Kiingereza ni saa 8:00. Mpitiaji asiyejua hesabu yetu ataona mashahidi wako wawili wanapingana kwa saa sita.

Jina la kificho halitoshi kama umetaja kijiji, cheo na umri. Kijiji kina imamu mmoja na diwani mmoja. Aliyekuamini akakueleza habari za ardhi ya jirani yake hastahili kutambuliwa na jirani huyo kupitia makala yako, kwa hiyo ondoa kimojawapo kati ya hivyo vitatu.

Kibali cha utafiti kitajwe panapotakiwa; hutolewa na COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, UNCST kwa Uganda. Zanzibar ina utaratibu wake. Katika nakala ya upitiaji ficha namba, maana inaweza kuelekeza kwa jina lako.

Majina katika marejeo

Said Ahmed Mohamed, Muhammed Said Abdulla na Mohamed Suleiman Mohamed ni waandishi watatu tofauti wa Zanzibar. Wa kwanza na wa tatu wote hukaa chini ya Mohamed, kwa hiyo (Mohamed 1980) pekee yaweza kuwa yeyote kati yao. Weka herufi za kwanza, S.A. na M.S., hata kama mtindo hauzidai. Washairi wa kale hupangwa kwa jina lao wenyewe: Muyaka bin Haji chini ya Muyaka, Mwana Kupona binti Msham chini ya Mwana Kupona. Bin na binti si jina la ukoo, kwa hiyo visipangwe chini ya B.

Zotero, programu ya kutunza marejeo, inasaidia sana, lakini ikaguliwe. Taasisi iliyoingizwa kwenye visanduku viwili vya jina la mtu hugeuka: Taasisi ya Taaluma za Kiswahili inatoka “Kiswahili, T.”. Tumia kisanduku kimoja. Makala ikiwa ya Kiswahili, kagua maneno ya kiungo yanayotolewa na programu: yawe “na”, “na wenzake”, “mh.” (mhariri), “wah.” (wahariri), “uk.” (ukurasa), “kur.” (kurasa). Kichwa cha kitabu cha Kiswahili kiwe na herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina ya pekee tu, na tafsiri yake ikitakiwa iwe katika mabano ya mraba bila mlazo.

Ramani na picha

Picha ya skrini kutoka ramani za Google haifai kuchapwa. Chora kwa QGIS, programu ya ramani, ukitumia data za Natural Earth, zilizo huru kabisa, au za OpenStreetMap, ambazo lazima zitajwe. Weka kipimio na mshale wa kaskazini, na uonyeshe tu majina yaliyomo katika makala. Ramani yenye vijiji arobaini ambavyo hukuvitaja inamficha msomaji kile kimoja anachokitafuta.

Picha inayochapwa kwa upana wa sentimita 12 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli zipatazo 1,420 kwa upana. Iliyopita WhatsApp kama picha imebanwa. Omba itumwe kama hati. Usiitegemee iliyobandikwa ndani ya Word pia, kwa sababu nayo huibana. Tuma faili lake peke yake, na ndani ya makala andika “Picha 2 iwe hapa”. Ruhusa ya hifadhi au ya mpigapicha iwe ya maandishi, na uanze kuiomba unapoanza kuandika. Beti za mshairi aliye hai na maneno ya taarabu yanaweza kuhitaji ruhusa vilevile.

Kuficha jina

Wapitiaji wasikujue. Toa shukrani, jina la chuo na namba ya mradi. Kazi zako za nyuma zirejelee kama za mtu mwingine: “Kama nilivyoonyesha (jina, 2019)” inakutaja wazi. Kisha ingia menyu ya Faili, sehemu ya taarifa, na uendeshe ukaguzi wa hati ili kufuta jina la mmiliki, maoni ya pembeni na rekodi ya mabadiliko. Tengeneza PDF baada ya hapo, si kabla. Jina la faili nalo lisiwe lako.

Kutuma, kujibu, kusahihisha prufu

Barua kwa mhariri iwe nusu ukurasa: kichwa, hoja kwa sentensi mbili, kwa nini jarida hili, na kauli kwamba makala haiko kwingine. Kutuma majarida mawili kwa wakati mmoja huvunja imani, na wapitiaji wa fani yetu ni wachache kiasi kwamba makala moja yaweza kumfikia mtu yule yule mara mbili.

Maoni yakirudi, tengeneza jedwali la safu tatu: neno la mpitiaji, ulichofanya, na mstari ulipo sasa. Usipokubaliana, toa sababu na ushahidi katika safu ya kati. Usiruke hoja hata ndogo, maana mhariri ataiona imekosekana.

Prufu, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa ambazo mwandishi huzikagua kabla ya kuchapwa, hupewa siku chache, na sio wakati wa kuandika upya aya. Zisome na hati asilia mkononi, kwa mpangilio huu: majina ya watu, kila ng’, alama za toni na viwimbi moja baada ya nyingine, vistari vya mifano, namba za mafaili katika tanbihi. Mifano isomwe kwa sauti na mtu wa pili akifuatilia rasimu yako. Kistari kilichohama kutoka wa-na-m-som-e-a kwenda wa-nam-som-e-a hakionekani kwa jicho lililochoka, lakini mdomo ukisoma kipande kwa kipande hukwama pale pale.